Mzaramo Niliyembeba Mgongoni

Uongo unahitaji shule, na mimi shule sina. Niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililisoma mara mbili. Kwa hiyo ukisoma haya ukasema nimetunga, utakuwa umenipa sifa isiyo yangu. Mimi najua kununua, kuuza na kuamrisha. Kutunga sijui. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa mgongo wangu huu, hapa hapa Tabora, na walioona wapo. Nenda mtaa wa Ng'ambo kaulize.

Kwanza unijue. Nilianza maisha kwa kubeba magunia stendi ya Nzega. Bega hili la kulia limebeba mahindi, limebeba pamba, limebeba mpaka kitanda cha mtu na mtoto wake amelala juu. Siku niliyonunua spika yangu ya kwanza niliapa kwamba bega hili halitabeba tena kitu cha mtu, na halikubeba. Leo harusi gani ya maana Tabora inafungwa bila vyombo vyangu? Mahema yangu, viti vyangu, jenereta langu, na maspika ambayo nikiyafungulia Ng'ambo, mapadri wa Kipalapala wanafunga madirisha. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Basi wazee wa Igombe Jazz wakaja kwangu. Kama huijui bendi hii wewe ni mtoto. Hawa ndio waliowachezesha wazazi wetu enzi za suruali pana. Wengine wamekufa, waliobaki wana magoti mabovu, lakini waliamua wapige mara moja zaidi, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja wa wazi pale Ng'ambo, wenye sakafu ya saruji na ukuta mfupi. Kiongozi wao ni Mzee Doto, anapiga gitaa la solo. Akaniomba vyombo.

"Kijana," akaniambia, mimi na mvi zangu hizi, "sauti zetu zimechoka. Utusaidie zifike nyuma."

Nikamwambia, "Mzee wangu, zitafika Urambo."

Nilikubali kwa sababu moja tu, mama yangu. Mayu, kama tunavyomwita nyumbani, anakaa shambani kule Kipalapala, jirani na seminari, analima karanga mpaka leo. Mwaka ule alikuwa ametoka kuugua mapafu, ugonjwa uliotufanya tuite padri. Alipopona akasema hataki zawadi yoyote, hataki blanketi wala mbuzi. Anataka kucheza muziki wa Igombe Jazz mara moja kabla hajaenda kulala na wenzake waliotangulia. Ungekuwa wewe ungekataa?

Jumapili ile nikamleta kwa gari langu baada ya misa. Kavaa kitenge kipya, rozari shingoni, na viatu vya kamba alivyokataa katakata kuvibadilisha. Ukumbini nikamweka kiti cha mbele.

Niamini, wale wazee walipiga! Mpiga saksafoni hana meno ya mbele, lakini alivuta sauti mpaka akina mama wakashika vichwa. Besi ilikuwa inatembea taratibu kama mtu mwenye pesa. Mzee Doto alikaa kwenye stuli, macho kafumba, vidole vinakimbia peke yao. Watu wazima walicheza na wake zao ambao nyumbani hawasemeshani. Mayu alicheza nyimbo mbili, akakaa, akacheza moja, akakaa. Nilikuwa namwangalia kifua chake kila akikaa.

Jua likawa linaelekea kuzama. Ukawa umebaki wimbo wa kufungia, na hapa unisikilize vizuri.

Igombe Jazz siku zote wanafunga kwa wimbo wa wapagazi. Ni wimbo wa kutembea, waliokuwa wakiimba babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, kisha wazee hawa wakautilia magitaa. Watu hawauchezi wawili wawili. Wanapanga mstari mmoja, kila mtu mkono begani kwa wa mbele yake, wanazunguka ukumbi kama msafara. Na wimbo huo haukatishwi. Ukianza, unapigwa mpaka mstari umerudi pale ulipoanzia. Kwa nini? Mimi sikuwahi kuuliza. Mambo ya wazee.

Wakati wanakaza nyuzi, mimi nikachukua maiki. Vyombo ni vyangu, nani atanikataza? Nikawatania kidogo. Sasa kama hujui, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi hizo hizo za misafara. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo. Anaruhusiwa kunyakua kitu chako mpaka ukikomboe. Kwenye msiba mtani ndiye anachimba kaburi, ndiye anabeba maiti, na anamkejeli marehemu huku anambeba. Jambo moja tu haliruhusiwi, kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na alichochukua kimekwenda.

Nikasema kwenye maiki, sauti ikazagaa mji mzima: "Wazaramo mpo? Najua hampo! Huku Tabora mngefikaje, miguu yenyewe mnaazima? Kama yupo hata mmoja ajitokeze, mimi mwenyewe nitambeba mgongoni nimrudishe kwao, maana wamezoea kula nazi na kubebwa!"

Watu wakacheka mpaka basi. Mzee Doto hakucheka. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaanza kupiga.

Mstari ukapangwa. Mayu akasimama wa mwisho kabisa, akisema yeye mguu wake hauna haraka. Tumba ikaanza kudunda kama hatua za watu wengi. Na ndani ya ile tumba nikasikia njuga, zile kengele ndogo za kufunga mguuni. Nikajisemea, kumbe wazee wameleta na njuga, safi sana.

Mstari ulipozunguka ukanifikia, nikaona Mayu si wa mwisho tena. Nyuma yake kuna mtu.

Alikuwa mwembamba, mtu mzima lakini huwezi kusema umri gani. Koti jeusi la zamani bila shati ndani, shuka kiunoni, miguu mitupu. Vumbi limempanda mpaka magotini, jekundu. Mchanga wetu wa Tabora ni mweupe, wewe mwenyewe unaujua. Mkono wake ulikuwa begani kwa mama yangu. Na njuga zilikuwa mguuni kwake.

Akanitazama akatabasamu. "Hujambo, mpagazi wangu?"

Mimi? Mpagazi? Mbele ya watu wote wale, mimi ambaye... Damu ikanipanda. "Nani mpagazi? We unajua unaongea na nani?"

"Namjua," akasema bila kuacha kucheza. "Bega lako la kulia linajua zaidi. Umeita Mzaramo, nimekuja. Au mdomo wako ni wa kuazima kama miguu yangu?"

Waliokuwa karibu wakacheka wakijua ni utani. Na mimi ningecheka, kama nisingemwangalia mama. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Miguu yake inacheza, lakini yeye mwenyewe hachezi, unanielewa? Miguu ilikuwa inaenda kama ya mtu anayesukumwa. Nikamshika mkono ukawa baridi, baridi ya maji ya mtungini alfajiri. Nikamvuta atoke kwenye mstari. Hakutoka. Mimi nilinyanyua magunia ya Nzega, na nilishindwa kumvuta bibi kizee mwenye viatu vya kamba.

Nikakunja ngumi. Nilitaka kumpasua yule mtu pale pale.

"Mwanangu," Mayu akasema kwa shida, pumzi fupi fupi. "Usikasirike. Huyu ni mtani. Ukikasirika anakwenda na mimi kweli."

Jamani, mnajua ugumu wa kumeza hasira wakati ngumi imeshakunjwa? Niliimeza. Ilishuka kama kipande cha ugali mkavu.

Nikasema, "Haya mtani. Umeshika mali yangu. Niikomboe kwa kitu gani?"

"Kwa ulichoahidi kwenye hilo dude lako la kelele," akasema. "Nibebe. Nilianguka njiani hapa kwenu, homa ikaniua, na watani zangu wakanipita na mizigo yao. Hakuna aliyenibeba, hakuna aliyenikejeli. Mpaka leo nakaa kando ya njia kama gogo. Nibebe unifikishe nilipolala, unizike kiutani. Mama huyu atacheza mpaka nifike. Wazee wakiacha kupiga kabla, au ukinitua kabla, tunaondoka naye."

Nikamgeukia Mzee Doto. Sikuwa na haja ya kusema kitu. Jasho lilikuwa linamtoka, akasema bila kufumbua macho, "Nenda, kijana. Sisi hatutaacha. Ila usichelewe, vidole hivi si vya zamani."

Basi mimi, mwenye mahema na jenereta, nikainama mbele ya mji mzima. Akanipanda mgongoni. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakalia kwa kicheko. "Bosi kawa punda!" akapiga kelele mmoja ninayemdai shukrani nyingi maishani. Nikatoka getini namna hiyo. Kidevu chake kiliegemea bega langu la kulia, na alinuka moshi na chumvi.

Nyuma ya ukumbi ule ukipita nyumba za mwisho kuna uwanda, na katikati yake kuna mfereji mpana uliodidimia, nyasi zake fupi kuliko za pembeni. Ndiyo njia ya zamani ya misafara. Si mbali, ukienda mikono mitupu. Mwanzo alikuwa na uzito wa mtu mwembamba. Baada ya hatua kadhaa akawa gunia. Kisha magunia mawili. Kisha nikasikia nyuma yangu hatua za watu wengi, wanatembea kwa mdundo ule ule wa tumba, wanahema, na mmoja anakohoa. Unadhani niligeuka? Shingo ilikuwa yangu lakini sikuiruhusu.

Kilichonipa moyo ni maspika yangu. Muziki uliokuwa ukitoka ukumbini ulinifuata mpaka uwandani, nausikia kila uzi. Besi ikisikika, najua mama yangu amesimama.

Ghafla ukakatika. Umeme! Kimya. Hata njuga zikanyamaza.

Nikasimama. Nikataka nimtupe chini nikimbie kwa mama.

"Ukinitupa nami namtupa mama," akaninong'oneza sikioni, na safari hii hakuwa anatania.

Nikasimama pale, nimebeba mzigo wa dunia nzima, nasikiliza. Mama niliyemlipia kila daktari, nitampoteza kwa sababu ya waya? Halafu kwa mbali, ndogo kama mdudu kwenye kiberiti, nikaisikia tumba. Ngozi tupu na mikono ya mzee. Ikafuata saksafoni bila maiki. Na juu yake watu, ukumbi mzima, wale wale waliokuwa wananicheka, wanauimba wimbo wa wapagazi kwa makoo yao. Jenereta langu la gharama halikuwaka haraka, lakini watu hawakuacha mstari. Nililia, sikufichi. Nikaendelea kutembea huku nalia.

"Hapa," akasema.

Palikuwa na kibonde kidogo kando ya njia, kirefu kama mtu. Nikapiga goti nikamtua. Alipotoka mgongoni alikuwa mwepesi kama tita la nyasi kavu. Nilipogeuka sikuona koti, sikuona shuka. Kibonde tu na giza linaloanza kuingia. Nikachota mchanga, nikamwaga, nikainuka niondoke mbio.

"Mbona hunitanii?" Sauti ikatoka chini, ya kuumia kama ya mtoto. "Unanizika kama mgeni?"

Hapo woga ukaniisha. Sijui kwa nini. Ukweli nilimwonea huruma. Mtu ametoka pwani mbali kote kule, amefia kwa watu, kakaa miaka na miaka anasubiri mtu mmoja tu wa kumtukana vizuri. Nikashika kiuno, nikaanza:

"Lala huko, Mzaramo usiye na haya! Mvivu wa kutembea, hata kufa umefia njiani! Watu wanakufa wakiwa wameshafika, wewe hata hilo limekushinda! Umepanda mgongo wangu bila nauli, umecheza na mama wa watu bila posa! Lala, kwenu hakuna anayekusubiri, nazi wameshamaliza! Lala, mtani wangu. Lala. Tumekubeba."

Kila tusi nikamwaga mchanga. Mpaka kibonde kikajaa.

Pakawa kimya kizuri. Kisha kicheko, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba, kikawa kinakwenda mbali kwa njia ile ya mashariki. Na neno moja nikalisikia wazi: "Mgongo wako mtani, kama wa punda."

Nilipiga mbio sijawahi. Nilipofika getini umeme ulikuwa umerudi na wimbo ndiyo unaisha, unaisha vizuri, kwa gitaa la Mzee Doto kushuka polepole kama mtu anayekaa kitini. Mayu alikuwa amekaa. Amevua viatu vyake vya kamba, ameshika soda, anagombana na fundi wangu Saveri.

"Hii si baridi!" anamwambia. "Mtu amecheza kama mimi unampa soda ya vuguvugu?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Nikaushika mpaka akaniuliza kama nimelewa.

"Mayu, mzima?"

"Mzima. Umemfikisha?"

"Nimemfikisha."

"Umemtania?"

"Nimemtania sana."

"Vizuri," akasema, akapiga ishara ya msalaba. "Maskini ya Mungu. Alikuwa anajua kucheza, lakini."

Tukacheka. Tulicheka mpaka yule mpiga saksafoni akaja kuuliza kulikoni. Mzee Doto alikuwa amelowesha vidole kwenye bakuli la maji, vimevimba. Nikamwuliza nani alikuwa anapiga njuga.

"Sisi hatuna njuga," akasema. "Nilidhani Saveri kaziweka kwenye mitambo yenu."

Saveri, mtu wa Ulyankulu, Mkatoliki asiyesema uongo hata kwa mteja, akasema, "Bosi, mimi sijaweka kitu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda uwandani na Mayu. Akasali rozari yake, na alipomaliza akamalizia kwa tusi moja la utani ambalo siwezi kuliandika. Kisha akanionyesha mchanga. Nyayo zangu za kwenda zilikuwa zimezama mpaka kifundo cha mguu, kama za tembo. Za kurudi ungeweza kusema kapita kuku. Hapakuwa na nyayo za mtu mwingine.

Mpaka leo, pale kwenye bega la kulia alipoegemeza kidevu, pana sehemu ndogo ambayo haijawahi kupata joto. Nimewaonyesha madaktari, wamenipa dawa ya kupaka, haikusaidia. Mke wangu ameniambia nisihangaike. Joto la Oktoba likija, analaza shavu pale anapata usingizi kabla yangu. Mayu bado analima karanga zake, na mapafu hayajamsumbua tena. Igombe Jazz wakipiga, vyombo ni vyangu, na ukifika wimbo wa kufungia naingia mstarini, wa mwisho kabisa, nyuma ya mama. Ikibidi kubeba kitu cha mtu siku hizi nabeba, na sioni kama nimepungukiwa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kushika maiki. Ukiwa Tabora, hasa karibu na njia ile, jua likielekea kuzama, usiahidi kwa mdomo kitu ambacho mgongo wako haujakubali. Na mtani akikushikia chako, hata kiwe kipenzi namna gani, meza hasira ucheke, ukikomboe. Wapo waliokasirika. Siwataji.

Na kama wewe ni Mzaramo, umekaa huko kwenu unasoma unanicheka, karibu Tabora. Tutakupokea, tutakulisha, tutakuchezesha. Ila uje kwa miguu yako.